Debe, dumu na chupa ya dawa

Historia ya kilimo chetu husimuliwa kwa mazao: mkonge, kahawa, pamba, chai, korosho. Mimi nilikuwa bwana shamba mpaka nilipostaafu, na wakinipa nafasi ya kuisimulia, nitaisimulia kwa vyombo. Namaanisha kile kilichobaki mkononi mwa mkulima baada ya dawa kwisha: debe, pipa, dumu, kopo, chupa. Daftari la stoo katika ofisi zetu za kilimo lilikuwa na safu ya dawa iliyopokelewa, safu ya iliyogawiwa, safu ya iliyobaki na nafasi ya sahihi. Safu ya vyombo vitupu haikuwepo. Mzigo ulioingia vijijini kwa malori, mwaka hadi mwaka, haukuandikiwa mahali pa kutokea.

Ili kuelewa kwa nini, turudi nyuma kidogo, kabla dawa za viwandani hazijamfikia mkulima mdogo. Enzi za wakoloni mafuta ya taa yalifika pwani yetu kwenye madebe ya bati, mawili mawili ndani ya kasha la mbao, kila debe likiwa na galoni 5 za Kimarekani, karibu lita 19. Mafuta yaliisha upesi, debe likabaki. Sokoni likawa kipimo cha nafaka, na mpaka leo muuza mahindi atakuuliza unataka debe zima au nusu debe. Kisimani likachukua nafasi ya mtungi wa udongo, kwa sababu likianguka linabonyea tu. Mafundi wa Gerezani pale Dar es Salaam na wenzao wa Gikomba, Nairobi, wakalikata na kulikunja, wakatoa koroboi, ndoo za kumwagilia, milango ya mabanda na mabati ya kuezekea. Hata kasha lake la mbao lilikuwa kiti. Kwa hiyo mkulima wetu alipokutana na kopo lake la kwanza la dawa, desturi ilikuwa imeshakaa: chombo kinachoweza kushika maji hakitupwi. Hiyo haikuwa tabia ya uchafu. Ilikuwa akili ya mtu asiye na pesa ya kununua ndoo.

Dawa ya kwanza niliyoijua mimi ni mrututu. Baba alikuwa na kihamba Kibosho, Kilimanjaro, kahawa chini ya migomba kama majirani wote. Chama cha wakulima cha KNPA kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1925, kikageuka kuwa KNCU mwaka 1933, na mwaka uliofuata kituo cha utafiti cha Lyamungu kikafunguliwa. Kutu ya majani ndiyo iliyokuwa ikiwasumbua wazee, na kinga yake ilitoka mbali: mchanganyiko wa mrututu na chokaa uliogunduliwa katika mashamba ya mizabibu ya Bordeaux, Ufaransa, miaka ya 1880. Chenga za mrututu ni za bluu, nzuri kuangalia. Ukizitia kwenye debe la bati zinalila debe. Ndiyo maana dawa ilikorogwa kwenye pipa la mbao, na pipa hilo halikutoka shambani.

Baba hakuwa na mizani wala karatasi ya kupimia ukali. Alisugua kisu kwa mchanga mpaka king'ae, akakitumbukiza kwenye pipa, akasubiri. Kikitoka na utando mwekundu wa shaba, ina maana mrututu umezidi na utaunguza majani, basi anaongeza chokaa. Kikitoka kinang'aa vilevile, anajaza bomba. Nimesoma chuo cha kilimo, nimeona vipimo vingi vya maabara, na bado kile kisu nakiheshimu.

Mrututu ulijilinda wenyewe. Ulipaka bluu kila ulichogusa: majani, kaptula za wapuliziaji, ukuta wa nyumba, mkia wa mbuzi aliyepita karibu. Chombo chake hakikuhitaji alama ya fuvu. Mtoto yeyote aliona rangi akajua hiki hakitiliwi uji. Dawa zilizofuata hazikuwa na adabu hiyo. Ugonjwa wa kahawa uitwao chulebuni ulipoingia Tanzania mwaka 1964, wakulima wakaambiwa wapige dawa mara nyingi zaidi kwa msimu, na taratibu pipa la mbao likasahaulika, zikaja kopa za unga kwenye pakiti na dawa za maji kwenye makopo yenye mfuniko mzuri. Makopo hayo yakavuka ua kuingia jikoni bila mtu kushtuka.

Lakini hadithi hasa ya vyombo niliikuta Usukuma, nilipopangiwa kazi kwenye pamba. Watafiti wa kituo cha Ukiriguru walikuwa wamefanya jambo kubwa. Walizalisha mbegu za UK, ambazo majani yake yana manyoya, na chawa jani hawezi kuyanyonya kwa raha. Ulinzi usiohitaji chupa wala bomba! Tatizo ni kwamba manyoya hayamzuii funza wa vitumba, na kwa funza huyo jibu la wakati ule lilikuwa DDT. Ili kuipiga kwa bomba la mgongo unahitaji maji, na maji Usukuma wakati wa kiangazi ni ya kutafuta. Hebu fikiria mama anayetembea hadi lambo kwa ajili ya debe moja la kupikia, halafu bwana shamba anamwambia achote mengine kadhaa kwa kila ekari, ayamwage juu ya pamba.

Miaka ya 1970 likaja suluhisho lililoonekana la ajabu: bomba la betri. Ni mpini mrefu uliojazwa betri za tochi, mbele yake kuna kisahani kinachozunguka kwa kasi, na juu ya kisahani unafunga chupa ya dawa ikiwa imepinduliwa. Dawa yenyewe imechanganywa na mafuta kiwandani. Huongezi tone la maji. Unatembea ukiuacha upepo uchukue ukungu kwenye mistari ya pamba, na ekari inaisha wakati ambao mwenye bomba la mgongo bado anatafuta maji. Niliipenda teknolojia hiyo, na sioni aibu kusema hivyo, kwa sababu iliwapunguzia akina mama mzigo halisi.

Ila itazame kwa jicho la chupa. Anayepuliza kwa maji ana tangi la kumiminia masuuzo: anasuuza chupa, anamwaga kwenye bomba, mambo yamekwisha. Mwenye bomba la betri hana tangi. Chupa ndiyo tangi. Na dawa ya mafuta haitoki kwa maji, inahitaji mafuta ya taa, ambayo nyumbani hayatoshi hata kwa koroboi. Chupa ikabaki na utando wake ndani, unanata, hauonekani. Hivyo kilichotatua shida ya maji kikafunga njia ya kusafisha chupa, na sikumbuki mkutano hata mmoja ambapo jambo hilo lilijadiliwa.

Halafu ukaja uhaba. Waliokuwepo baada ya vita vya Kagera wanakumbuka: sabuni kwa foleni, sukari kwa kibali, na ndoo ya plastiki ikawa kitu cha kusikia kwa jirani. Katika miaka hiyo pipa tupu la lita 200 kwenye uwanja wa chama cha msingi lilikuwa na wenyewe kabla halijaisha. Lilivuna maji ya mvua, lilipikia pombe, lilikatwa likawa hori la ng'ombe. Dumu la lita 5 lilikwenda na mtoto shuleni. Sisi mabwana shamba tulikuwa na maelekezo ya kusambaza: toboa, ponda, choma au fukia. Niliyasoma kwenye mkutano wa kijiji kimoja, na mama mmoja wa makamo akanyoosha mkono. "Bwana shamba," akasema, "lete ndoo, nami nitakutobolea hili dumu hapahapa mbele yako." Watu wakacheka. Mimi sikuwa na ndoo ya kumpa, wala serikali haikuwa nayo, na kila mtu pale alijua nani ameshinda hoja.

Nilimwambia tu kwamba sumu hiyo haina rangi wala haina harufu ikishapungua, na kwamba plastiki hunywa. Hilo la pili ndilo gumu kuaminika. Bati unaweza kulisugua kwa mchanga na majivu ukafika chini. Plastiki huingiza dawa ndani ya mwili wake, halafu huirudisha kidogo kidogo kwenye maji, maziwa au mafuta utakayotia baadaye. Chombo kinaonekana kisafi, na kwa jicho ni kisafi kweli.

Ushauri wetu wenyewe nao haukuwa wa kujivunia. Tulisema fukia, kwenye udongo mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi na kugeuka ziwa masika. Tulisema choma, na moshi wa plastiki ukapita kwa watu na mifugo. Leo mwongozo wa FAO na WHO kuhusu vyombo vitupu, uliotolewa mwaka 2008, haupendekezi moto wa uwanjani wala shimo la nyuma ya nyumba. Kizazi changu kilifundisha yote mawili, kwa mihuri ya serikali.

Mfuko wa mbolea ulikuwa na bahati nzuri zaidi, nami sitaukalia sana. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilianza kuzalisha mwaka 1972 na kufungwa mwaka 1991. Katika miaka hiyo mfuko wa salfeti ulienea nchi nzima: turubai la kuanikia mpunga, pazia la choo, koti la mvua la mchungaji, gunia la mkaa. Chumvi ya mbolea huoshwa kwa maji ikatoka, tofauti na dawa ya wadudu, ingawa mimi sikumshauri mtu autie unga wa kula. Kinachonichekesha kwa uchungu ni mahali. Tanga ndiyo iliyokuwa roho ya mkonge, na katikati ya miaka ya 1960 nchi yetu iliongoza duniani kwa mkonge. Nyuzi za plastiki ndizo zilizokuja kuuangusha. Gunia la mkonge ukilitupa linaoza. La salfeti linachakaa likawa nyuzi nyuzi, ukilima unazikuta kwenye jembe miaka inayofuata.

Kuna mahali pamoja ambapo swali la vyombo lilikuwa kubwa kiasi kwamba halikuweza kufichwa jikoni. Ni Vikuge, Kibaha. Mwaka 1986 shamba la serikali la pale lilipokea karibu tani 170 za dawa, msaada kutoka Ugiriki, sehemu yake ikiwa imeshapita muda wake. Zikawekwa kwenye banda la wazi. Vifungashio vikaoza, dawa ikashuka ardhini, DDT ikiwemo. Baada ya mzigo kuondolewa, watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipima udongo na kukuta uchafuzi bado ni mkubwa. Walichapisha matokeo yao mwaka 2004. Vikuge haikuwa peke yake. FAO ilikadiria kwamba Afrika nzima ilikuwa na tani zipatazo 50,000 za dawa zilizokwisha muda. Mkulima mdogo aliyelaumiwa kila siku kwa kutia maziwa kwenye dumu la dawa hakuagiza hata kilo moja ya shehena hizo.

Soko huria la miaka ya 1990 likabadilisha kila kitu. Vyama vya ushirika vilidhoofika, maduka ya pembejeo yakafunguliwa hadi kwenye magulio, na dawa ikashuka kutoka pipa la lita 200 hadi chupa ya mililita 100. Wauzaji wengine wakaanza kuipima kwenye chupa za soda na za maji ya kunywa, bila karatasi, bila jina, kwa anayetaka ya mia tano. Hapo ndipo chombo na dawa vilipobadilishana nafasi: zamani chombo cha dawa kiliwekwa chakula, sasa chombo cha kinywaji kikawekwa dawa. Kati ya mambo mawili haya, la pili linanitisha zaidi. Dumu la zamani lilikuwa na fuvu ubavuni hata kama limefifia. Chupa ya soda inamwambia mtoto anywe.

Wakati huohuo plastiki ikawa rahisi. Dumu jipya la maji linapatikana kila duka, na chupa ndogo ya dawa haina kazi tena nyumbani. Basi ikaanza kutupwa. Nenda kwenye mashamba ya nyanya ya Ngarenanyuki, au kwenye vitunguu vya Mang'ola kando ya Ziwa Eyasi, tembea kwenye mfereji mpaka mahali watu wanapochanganyia dawa. Utazikuta chupa nyeupe, za bluu, za kijani, na vipande vya foili vilivyong'olewa kwa meno. Wanachanganyia pale kwa sababu maji yako pale, na chupa wanaziacha pale kwa sababu shamba liko kule. Ng'ombe wanakunywa chini kidogo. Ofisi zinaita hali hiyo ukosefu wa elimu. Mimi naona ni desturi ileile ya debe iliyogeuzwa: chombo chenye thamani kinarudi nyumbani, kisicho na thamani kinabaki kilipoishia.

Elimu ipo, na si ngumu. Baada ya kustaafu nimekuwa nikiwaonyesha vijana kusuuza mara tatu. Chupa ikiisha unaiacha ichuruzike juu ya bomba nusu dakika. Unatia maji robo, unafunga, unatikisa nusu dakika, unamimina ndani ya bomba lilelile unalokwenda kupigia. Tena. Tena. Kizibo na nyuzi zake nazo zinasuuzwa, maana hapo ndipo dawa hujificha. Kisha unatoboa kitako. Ifanywe palepale dawa inapoisha, kwa sababu ikikauka kesho haitoki. Mimi huwa siwahubirii sumu. Nawaambia watazame maji tu. Dawa nyingi zikikutana na maji hugeuka nyeupe kama maziwa, kwa hiyo masuuzo ya kwanza ni meupe kabisa, ya pili yamefifia, ya tatu karibu maji matupu. Kijana mmoja aliyakodolea macho yale ya kwanza akasema, "Mzee, kumbe hii yote nilikuwa naitupa?" Alikuwa anahesabu pesa, na mimi nikamwacha ahesabu.

Chupa iliyosuuzwa hivyo haifai bado kwa chakula, lakini inafaa kuyeyushwa ikawa nguzo ya uzio au bomba la kupitishia nyaya. Sasa aipeleke wapi? Hapo ndipo ninapoishiwa maneno mbele ya vijana. Mnunuzi wa makopo anayepita na baiskeli anaichukua kwa kilo, anaichanganya na chupa za maji, na haulizi ilikuwa na nini. Inaweza kurudi kama beseni.

Brazili, nchi yenye mashamba ambayo sisi tungeyaita wilaya, ililimaliza swali hili kwa sheria ya mwaka 2000. Mkulima lazima asuuze, atoboe, arudishe ndani ya mwaka mmoja. Muuzaji lazima aandike kwenye risiti mahali pa kurudisha. Mtengenezaji lazima abebe mzigo na kuumaliza. Waliunda taasisi yao, inpEV, iliyoanza kazi mwaka 2002, na leo zaidi ya asilimia 90 ya plastiki iliyogusa dawa moja kwa moja inarudi. Sehemu yake inatengenezwa kuwa chupa mpya za dawa. Mkulima wa Brazili hakuzaliwa mwema kuliko wa Ngarenanyuki. Risiti yake ina anwani.

Na tusiseme sisi hatuwezi. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, sisi tukafuata Juni 2019, na masoko yalibadilika mbele ya macho yetu. Zaidi ya hapo, tumekuwa na mfumo wa kurudisha chupa tangu mimi ni kijana. Kreti la soda limefika hata kwenye vijiji ambavyo bwana shamba alikwenda kwa miguu, na hakuna muuza duka aliyepewa kreti jipya bila kutoa chupa tupu au amana. Chupa ikivunjika, mtu analipa. Lori lililoleta soda liliondoka na chupa. Lori lililoleta dawa, kwenye kijiji hichohicho, wiki hiyohiyo, liliondoka tupu. Tofauti haikuwa barabara wala elimu ya mnywaji soda. Mwenye soda alikuwa anaitaka chupa yake.

Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 ilileta mamlaka moja, TPHPA, inayosimamia viuatilifu nchini, kwa hiyo mlango wa kubisha unajulikana. Ombi langu kwa wanaotunga kanuni ni dogo: kila chupa ya dawa iuzwe na amana, na kila duka lenye leseni ya kuuza dawa lilazimike kupokea chupa iliyosuuzwa na kutobolewa, na kumrudishia aliyeileta pesa yake mkononi. Gharama ya kuisafirisha ibebwe na aliyeingiza dawa nchini. Na kwenye daftari la stoo waongeze ile safu iliyokosekana.